Mnyauko Hauna Dawa ya Dukani

Pikipiki ya serikali nimeshairudisha halmashauri, na viatu vya mpira nimemwachia aliyeshika nafasi yangu, ingawa cha kushoto kimepasuka na nimemwambia. Ninyi wenzangu mliobaki kwenye kata mmeniomba niandike jinsi nilivyokuwa nikiwafundisha watu kutunza bustani za nyumbani bila dawa za viwandani. Najua mnatarajia majivu na pilipili. Majivu na pilipili vimo, nitavieleza. Lakini bustani ya nyumbani huanzia kwenye nyumba, na nyumba ina wenyewe, na huko ndiko nilikokuta mambo ambayo chuo hakikunifundisha.

Mimi natoka Lushoto. Kwetu kabichi zimepandwa hadi ukingoni mwa barabara, na mtoto hujua kupuliza dawa kabla hajajua kusoma vizuri. Nilipopangiwa Kasulu nilishuka treni Kigoma nikiwa na begi, cheti cha kilimo, na bomba la kunyunyizia dawa nililokabidhiwa mkoani bila dawa yenyewe. Nilidhani nitakuta milima kama ya kwetu. Nikakuta miinuko mipana, udongo mwekundu, na migomba imeizunguka kila nyumba kiasi kwamba unaujua mji wa mtu kwa moshi wa jikoni tu.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda kujitambulisha. Nikasema "Hamjambo," kina mama wakajibu "Mwakeye," kisha wakaendelea kwa Kiha huku wakiangalia mgongo wangu na kucheka. Baadaye sana nilikuja kuambiwa walichokuwa wanasema: huyu mgeni kabeba mtoto wa chuma.

Aliyenipokea ofisini alikuwa Bwana Lazaro, bwana shamba mwenyeji, mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Alinitazama, akalitazama bomba.

"Binti, liweke pale pembeni. Halili, halinywi, halitatusumbua."

Tukaanza kutembea. Bwana Lazaro alinifundisha kuinama, na hilo peke yake lilinichukua msimu mzima. Mimi nilikuwa naangalia bustani nikiwa nimesimama, kama mkaguzi wa shule. Yeye alikuwa anageuza jani.

"Mdudu hakai juu ukamwona," aliniambia. "Hata wewe, ungekuwa unaliwa na kuku, ungekaa juu?"

Mambo yake nayaandika hapa kama alivyonionyesha. Majivu ya jikoni, yaliyopoa na kuchekechwa, unayanyunyiza kwenye mboga asubuhi umande ukiwa bado upo, yapate kushika. Maharage usiyaguse kabisa yakiwa na umande, maana ugonjwa hutembea kwa maji na kwa nguo yako. Mche ukiukuta umekatwa shinani, usilaumu mbuzi. Fukua hapohapo kwa kidole, utamkuta sota, yule funza anayekata miche, amejikunja. Vidukari wa kwenye sukuma wiki wanaondoka kwa maji ya sabuni ya kipande, na wakizidi unatwanga pilipili kichaa, unaloweka, unachuja vizuri. Asiyechuja vizuri hurudi nyumbani akilia. Samadi na majani ya alizeti pori unatia kwenye kiroba, unakizamisha ndani ya pipa la maji mpaka harufu iwafanye majirani walalamike; hapo imeiva, unaizimua mpaka ifanane na chai ya mtu maskini. Na juu ya yote, funika udongo kwa nyasi au majani makavu. Udongo wa huku mvua ikiukuta uchi huubeba wote hadi mtoni.

Nataka pia muelewe kwamba kitu cha asili si lazima kiwe kipole. Kule Rungwe Mpya tulikuwa na kikundi cha kina mama wa kanisa waliopenda sana utupa, ule mti ambao majani yake ukiyatwanga na kuyaloweka yanaua wadudu wa mboga. Siku moja walimaliza kunyunyiza, wakaenda kusuuza ndoo kwenye mfereji. Mfereji ule ulikuwa unaingia kwenye bwawa la samaki la mchungaji. Kesho yake samaki wote walikuwa wanaelea matumbo juu. Mchungaji aliwasamehe madhabahuni, lakini hakuwasalimia mpaka Pasaka. Tangu siku hiyo, kila niliposema "dawa ya asili" niliongeza maneno matatu: nayo ni dawa.

Bwana Lazaro alistaafu, akapanda miti ya matunda kwake, na hakuishi kuyala matunda yake. Kwa hiyo nikabaki peke yangu na upande wa Nyakitonto, na ndiko nilikokutana na Stelia.

Wote tulimwita Mama Jeni, kwa jina la binti yake wa pekee, Jenerosa, aliyekuwa ameolewa Kibondo. Stelia alinizidi umri kidogo. Mume wake alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa kifua, akazikwa upande wa juu wa mji wao, na yeye akabaki palepale. Nyuma ya jiko alikuwa na matuta ya lengalenga, ule mchicha wa huku, nyanya chungu na maboga. Mbele na ubavuni kote ilikuwa migomba, aliyoipanda tangu alipoletwa pale kama mwari. Nilipompelekea habari za kufunika udongo na za pipa la samadi alibishana nami kila hatua, kisha akazifuata kila hatua, na nilikuwa nawapeleka wengine kwake wakaone.

Siku moja tukiwa tunaondoa majani makavu, alisimama akaupigapiga mgomba mmoja kama mtu anavyompigapiga ng'ombe.

"Bibi Shamba, wewe una cheti chako cha chuo. Mimi cheti changu ni hiki."

"Cheti gani, Mama Jeni?"

"Mume amelala pale juu. Mtoto wa kiume sikujaliwa. Lakini migomba niliipanda mimi, na ukoo wote uliona. Kwa huku kwetu, mwanamke ambaye migomba yake imesimama hakuna wa kumwambia ondoka."

Alisema huku akitupa jicho ng'ambo ya mfereji. Ng'ambo alikaa shemeji yake, Fabiani, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye vijana wakubwa waliokuwa wakitafuta mahali pa kujenga. Fabiani hakuwa mtu wa kelele. Kila tulipokutana aliniuliza hali ya nyumbani kwetu Lushoto, na alikuwa anakumbuka majina ya kaka zangu.

Kisha ukaja mnyauko. Tulikuwa tumeusikia ukiwa kaskazini, tukaambiwa tujiandae, ila hakuna anayejiandaa kwa kitu ambacho hajakiona. Jani linaanza kulegea kama lililomwagiwa maji ya moto, likageuka njano. Mkungu unaiva kabla ya wakati, na ukikata ndizi ndani ni ya kahawia. Ukikata shina linatoa usaha wa njano. Kwa mtu wa huku, ambaye kwake ndizi ni chakula, ni pombe ya msiba na ya harusi, na ni kivuli cha mlangoni, kuona hivyo ni kama kuona nyumba inatokwa na damu.

Niliitisha watu chini ya paa la stoo ya kijiji. Nikawaambia wazi kwamba ugonjwa huu hauna dawa ya dukani. Wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua, na panga linaubeba kutoka shina hadi shina. Kwa hiyo chane ya mwisho ikishatoka, lile ua dume linaloning'inia livunjwe kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga. Panga litiwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Machipukizi yasihamishwe. Mgomba mgonjwa ung'olewe.

Fabiani alinyoosha mkono.

"Bibi Shamba, samahani. Ng'ombe ana dawa, mahindi yana dawa, hata kichwa kina dawa. Migomba tu ndiyo haina?"

"Haina, Baba."

"Basi serikali haijatafuta."

Watu wakaguna kukubaliana naye, na sikuwalaumu. Wiki hiyohiyo nilimkuta shambani kwake na bomba mgongoni, amefunga kitambaa puani, anapuliza. Nilimsihi aache, nikamwambia anapoteza nguvu na anaunyunyizia sumu mfereji ambao watoto wanachota maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaendelea.

Niliposhuka Kasulu nilipita kwa Salumu, mwenye duka la pembejeo sokoni, mtu ambaye babu yake alitoka pwani akaishia Ujiji. Nikamuuliza kama ndiye aliyemuuzia.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia, mzee, hii ni ya wadudu, huo ugonjwa wako haiutambui. Akasema nisipomuuzia anavuka barabara anaenda duka la pili. Sasa Bibi Shamba, ungekuwa wewe?"

Nimekuwa nikilifikiria swali lake tangu wakati ule.

Stelia alifanya yote niliyosema. Alichonga kijiti chenye panda, akakitia mpini mrefu wa mwanzi. Panga lake alilitia motoni mpaka likapoteza makali, akawa analinoa kila mara. Wanunuzi wa ndizi za pombe walipopita, watu wanaokata mikungu kwa huyu na kwa yule kwa panga lilelile, aliwazuia mlangoni.

"Panga lako kwanza motoni."

"Mama Jeni, sisi si wagonjwa."

"Panga ndilo mgonjwa."

Walicheka, kisha wakachoka, kisha wakaacha kupita kwake. Akakosa wanunuzi. Akawa anakula ndizi zake na kuzigawa, na mboga za nyuma ya jiko ndizo zilizomnunulia chumvi na sabuni. Misimu ikapita. Kwa Fabiani migomba ilikuwa inaanguka mmoja baada ya mwingine, kwa majirani wa chini vilevile, na ya Stelia imesimama, kijani, katikati ya vigogo vilivyooza. Nilikuwa nikipita barabarani nikiiona kutoka mbali nafurahi, halafu naogopa kwa kuwa nimefurahi.

Kisha Jenerosa akajifungua, na Stelia akaenda Kibondo kumwogesha mtoto. Huku nyuma, Fabiani alimwoza kijana wake. Harusi bila pombe ya ndizi haisemeki, na shamba lake mwenyewe halikuwa na mkungu wa kukatwa. Akatuma vijana wavuke mfereji.

Stelia aliporudi alinipigia simu. Alisema neno moja tu.

"Wameingia."

Nilidhani ni wezi. Nikafika na pikipiki nikiwa na maneno ya kumpelekea mwenyekiti wa kijiji. Nikamkuta amesimama kati ya migomba, kanga ya safari bado iko kiunoni, na mbele yake kijana wa Fabiani, yule bwana harusi mwenyewe, ameinamisha kichwa.

"Mwambie Bibi Shamba," Stelia alisema. "Mlikata kwa panga la nani?"

"La baba, mama mkubwa."

"Mlilitia motoni?"

Kijana akatikisa kichwa. Mikungu ilikuwa imekatwa huku na huku, wakichagua iliyokomaa, kwa hiyo hakukuwa na pembe ya shamba ambayo panga lile halikufika. Nilienda kwa Fabiani nikiwa na hasira ambayo mtumishi wa umma haruhusiwi kuwa nayo. Alinikaribisha kiti.

"Shemeji hakuwepo, na harusi ilikuwepo," alisema taratibu. "Mama mkubwa angekosaje kumchangia mwanawe? Angekuwepo angetoa mwenyewe."

"Angetoa kwa panga lake."

"Panga ni panga, Bibi Shamba."

Sijui mpaka leo kama alifanya makusudi. Kuna siku nimetaka sana kuamini hivyo, maana mtu mbaya ni rahisi kumwelewa. Lakini nilipomtazama usoni siku ile niliona tu mtu aliyekuwa na harusi na hakuwa na ndizi.

Hatukungoja sana. Jani la kwanza lililegea upande wa kisimani, kisha mengine kila upande. Utaratibu tuliokuwa nao wakati ule ulikuwa ni kung'oa shina zima na machipukizi yake yote. Baadaye tulikuja kufundishwa mwingine: kata tu ule unaoonyesha dalili, chini kabisa, acha wenzake, kisha pita kila mara ukikagua. Ninyi ndio mnaoutumia sasa na unafaa. Nimejiuliza kama ungeiokoa ya Stelia. Kwa jinsi panga lilivyozunguka, sidhani. Neno hilo "sidhani" ndilo nililobaki nalo, na halitoshi kumlaza mtu usingizi.

Tuling'oa pamoja. Yeye alichimba, mimi nilikata mizizi na kuburuta. Mgomba ukianguka hautoi sauti kama mti. Unakaa chini tu, kama mtu aliyechoka. Stelia hakulia. Mara moja alisimama, akaangalia juu, akasema, "Sikujua kama mlima ule unaonekana kutoka hapa." Kweli ulikuwa unaonekana. Uwanja ulikuwa wazi, jua linapiga ukuta wa nyumba ambao haukuwahi kupigwa na jua, na tope la ukuta lilianza kupasuka siku ileile.

Haikupita muda, ukoo ukaitisha kikao. Stelia akaniomba niwepo. Nilikwenda nikakaa upande wa wanawake. Mzee aliyeongoza kikao alikuwa mtaratibu, akanisalimia vizuri, akanishukuru kwa kazi yangu kijijini.

"Bibi Shamba, wewe ni mtu wa serikali na tunakuheshimu. Sisi tuna swali dogo tu. Pale kwa Mama Jeni, migomba itapandwa lini tena?"

Nikasema ukweli. Nikasema udongo unatakiwa kupumzika bila migomba, upandwe maharage, mahindi, viazi vitamu, na baadaye ndipo iletwe miche safi.

"Kwa hiyo kwa sasa si shamba la migomba."

"Ni shamba linalopumzika, Mzee."

"Na migomba ya Mama Jeni iko wapi?"

"Imeng'olewa kwa sababu ya ugonjwa. Alifanya vizuri kuliko kijiji kizima."

"Hatukatai. Nauliza iko wapi."

"Haipo."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka. "Shamba linapumzika. Basi na yeye akapumzike kwa mwanawe Kibondo. Fabiani ana vijana, watapalinda." Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo. Fabiani mwenyewe hakucheka; alikuwa anaangalia miguu yake.

Nilisimama nikasema sheria ya ardhi inamlinda mjane, na kwamba migomba si hati. Waliniacha niseme mpaka nikamaliza. Halafu wakaendelea na jambo lililofuata, la mbuzi.

Tukitembea kurudi, nilimwambia Stelia tuende baraza la ardhi. Nikamwambia nitasimama shahidi, na kwamba nimeona wajane wakishinda.

"Nikishinda, dada, nitachota maji na nani? Nikiugua, atakayesikia nikikohoa ni nani? Ni Fabiani."

"Kwa hiyo unawaachia?"

"Nimechoka. Wewe hujachoka?"

Lile neno "dada" lilikuwa la kwanza tangu tufahamiane. Aliondoka baada ya kuvuna lengalenga zilizobaki. Nilimpeleka stendi ya Kasulu kwa pikipiki, na masufuria yake nikayafunga nyuma, yakawa yanagongana njia nzima.

Sasa nawaambia jambo gumu kuliko yote ya kazi hii, na msidhani halitawapata. Msimu uliofuata Fabiani alinipigia. Migomba yake ilikuwa imekwisha yote. Alitaka nimwonyeshe namna ya kuanza upya, kwake na kule ng'ambo. Nilitaka kumkatalia. Lakini mimi nilikuwa afisa wa kata, na ugonjwa ukiachwa kwa mtu mmoja unarudi kwa wote. Nikaenda. Nikamwonyesha kupanda maharage kwanza, nikamwonyesha mche safi unavyokuwa, nikamwonyesha kijiti chenye panda na panga motoni. Alikuwa msikivu sana. Alirudia kila nilichosema kwa Kiha ili vijana wake waelewe. Tulipomaliza akanisindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Mambo yenyewe ni mepesi hivi," alisema. "Kwa nini hukutuambia mapema, Bibi Shamba?"

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa amesahau kabisa. Nikawasha pikipiki.

Leo shamba lile ni zuri. Udongo aliouacha Stelia ulikuwa umefunikwa na kulishwa samadi miaka na miaka, na mgomba hauulizi nani aliyeulisha. Fabiani anafuata masharti kuliko wakulima wengi niliowahi kuwafundisha. Mkipelekwa Nyakitonto kuona mfano wa shamba la migomba lisilotumia dawa, mtapelekwa pale, mtakaribishwa vizuri, na mtakula ndizi. Kuleni. Ila ulizeni nani alikuwa anakaa pale zamani, mwone nani atajibu.

Nilipostaafu, walinipa wiki chache niondoke kwenye nyumba ya serikali. Nilikuwa nimeizungushia bustani nzuri, na aliyeingia baada yangu ana gari, kwa hiyo nadhani sasa ni maegesho. Kabla ya kuamua niende wapi, nilipanda basi kwenda Kibondo kumuaga Stelia.

Alikuwa amepanga chumba uani kwa watu, si mbali na kwa Jenerosa, kwa sababu nyumba ya mkwe ilikuwa imejaa. Amezeeka kwa haraka. Kati ya ukuta na kamba ya kuanikia nguo alikuwa na tuta moja la lengalenga na viroba vya nyanya chungu, vimefunikwa nyasi juu kama tulivyozoea. Migomba hakupanda, ingawa mwenye nyumba alimruhusu. Sikumuuliza kwa nini. Nilimweleza habari za Nyakitonto kwa ufupi, nikaficha kwamba shamba limependeza, lakini alikuwa ameshasikia.

"Wewe ndiye uliyemfundisha?" aliuliza.

"Ni mimi."

Aligeuza jani la mboga, akatazama chini yake, akaliachia. "Ulimfundisha vizuri," alisema. Mpaka sasa sijui kama lilikuwa sifa au lilikuwa jingine.

Tulikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, tukanywa chai. Jua lilikuwa linahama ukutani. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mwenzangu wa kazini aliyeniuliza, hata kwenye ile hafla ya kuniaga yenye soda na hotuba.

"Na wewe sasa utalima wapi?"

Nikaanza kumjibu kwamba nitarudi Lushoto. Nikakumbuka kwamba shamba la baba waligawana kaka zangu zamani, mimi nikiwa huku nawafundisha watu wengine, na nilipopiga simu mwaka ule wa kustaafu kuuliza, mkubwa wao alisema kwa upole kabisa kwamba mimi nina mshahara wa serikali, kona ya shamba ya nini. Watoto sikupata. Mume tuliachana mapema, akaenda zake. Nilihesabu bustani zote nilizozipanda katika kata zile, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kwenda kuchuma jani la mboga bila kubisha hodi. Nikaweka kikombe chini, nikamwambia sina mahali.

Stelia hakunipa pole. Alisimama, akaenda hadi nyuma ya choo, akasogeza kwa mguu bati lililokuwa limelala pale. Chini yake palikuwa na kiwanja kidogo cha udongo mgumu.

"Hiki sijakilima," alisema. "Kinapata jua la asubuhi tu, na harufu unaisikia mwenyewe. Lakini lengalenga itakubali. Na kile chumba cha mwisho, aliyekuwemo anahama."

Nilichukua jembe lake lililoegemea ukutani, nikaanza kuvunja udongo.